Mwalimu Batmakan, Aliyegombewa na Mlima na Bonde

Siku ile mama yetu alipokata roho, Jumanne ya tarehe 6 Oktoba 2009, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Kara-Chiy, tulikuwamo chumbani mume wake mzee Kasimali, mwanawe wa pekee Maksat ambaye ndiye mume wangu, wifi yake Kalipa, dada wa mzee, aliyekuwa ameushika mkono wake wa kulia, mdogo wake wa tumbo moja Seide, aliyeushika wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umeshachukuliwa, mimi mkamwana wake Burulcha, na mtoto wangu Jibek, aliyekuwa amelala mgongoni mwangu.

Ndugu waombolezaji, wazee wa Kara-Chiy na wazee wa Kok-Saz, si desturi yetu mkamwana kusimama mbele ya wanaume kusoma, na shule yangu mimi iliishia darasa la nne, lakini mmenichagua kwa kuwa mama yangu mzazi ni wa Kok-Saz nami nimeolewa Kara-Chiy, na kama alivyosema mzee mmoja pale mlangoni, "Huyu hatanuniwa na upande mmoja, atanuniwa na pande zote, basi na asome."

Hali mnaijua. Leo ni siku ya tatu, mahema mawili ya msiba yamesimama kwa ajili ya maiti mmoja, moja hapa uani alimolala mama yetu, jingine kule juu Kok-Saz, tupu, limekwisha kutandikwa na birika liko motoni, na lori la Kok-Saz liko barabarani limegeuza pua kuelekea mlimani. Kwetu maiti kugombewa ni heshima, anayezikwa bila kugombewa huonewa huruma, lakini heshima nayo ina mwisho wake, na kaburi lazima lichimbwe leo, ama huku bondeni kwa ukoo wa mume, ama kule mlimani alikozaliwa. Mzee Kasimali amesema atatamka neno lake nikimaliza kusoma, na neno hilo hajamnong'oneza mtu yeyote.

Marehemu Batmakan binti Imankul alizaliwa tarehe 14 Aprili 1949 huko Kok-Saz, pale misonobari inapokwisha na nyasi fupi za mlimani zinapoanza, akiwa mtoto wa kwanza wa mchunga farasi Imankul na mkewe Tajikan, theluji ikiwa bado imefika kizingitini. Mwaka 1962 alizaliwa mdogo wake Seide, na kwa kuwa mama yao alikuwa mgonjwa wa kifua, Batmakan ndiye aliyembeba, akiwanywesha farasi huku mtoto yuko mgongoni, akisoma kitabu huku mtoto yuko mgongoni, hata Seide husema mpaka leo, bila kujali nani anamsikia, "Mgongo ule ulikuwa wangu kabla haujawa wa mtu mwingine yeyote."

Alisoma shule ya Kok-Saz kuanzia mwaka 1956, akaendelea na shule ya bweni mjini Naryn mwaka 1964 hadi 1966, kisha akaingia chuo cha ualimu katika mji wa Frunze, ambao siku hizi ni Bishkek, akahitimu mwezi Juni 1970 kuwa mwalimu wa biolojia na jiografia. Aliwahi kunisimulia, tukikanda unga, kwamba siku ya kwanza chuoni walitundikiwa ramani ya dunia iliyopakwa rangi kwa mistari mipana, juu kabisa barafu, chini yake tundra isiyo na miti, kisha taiga yenye misonobari, kisha nyika, kisha jangwa, naye akacheka peke yake mpaka akaulizwa kulikoni, akajibu, "Mwalimu, huu ni mlima wetu, umelazwa chini tu."

Alianza kazi katika shule ya Kara-Chiy tarehe 1 Septemba 1970, akafundisha hapo hapo mpaka ugonjwa ulipomzuia mwaka huu, na nusu ya wanaume waliosimama hapa na fimbo zao walipita mikononi mwake. Kila mwisho wa mwezi Mei aliwapandisha wanafunzi mlimani, wakianzia huku kwetu kwenye vichaka vichungu vya pakanga na udongo wa chumvi, wakapita nyika ya nyasi ndefu, wakaingia kwenye baridi ya misonobari, wakatokea kwenye nyasi fupi na maua, wakaishia kwenye mawe na barafu, akiwaambia kwamba wenzao wa nchi nyingine hupanda treni wiki nzima kuziona kanda hizo za dunia, "na nyinyi mmetoka jangwani mmefika Ncha ya Kaskazini, na maandazi ya mama zenu bado yana moto." Aliyechoka alimbebea begi. Aliyekuja bila maandazi alikuta amewekewa matatu kwenye kofia yake, wala hakuambiwa yametoka wapi.

Pale misonobari inapokutana na nyika, mahali ambapo kondoo wa Kara-Chiy hupanda na kondoo wa Kok-Saz hushuka, wakakutana wote kwenye malisho hayohayo, alijenga pamoja na wanafunzi wake ukuta wa mawe wa kuzunguka kipande kidogo cha nyasi, kondoo asiingie, ili waone nyasi zinavyokuwa zikiachwa. Hapo ndipo alipowafundisha kwamba sungura wakizidi, simbamangu hupata chakula na kuzaa sana, simbamangu wakizidi, sungura huisha, sungura wakiisha, simbamangu hulala njaa na kupungua, nao sungura huanza tena, na kwamba kila malisho yana kiasi chake cha vinywa, ukizidisha, nyasi haziombi ruhusa, zinaondoka, na pakanga ya jangwani inapanda mlima kuja kukaa mahali pake. Na wakiwa wamekaa hapo, wakiwasikiliza suur, wale wanyama wanene wa mashimoni, wakipigiana mbinja kufukuzana kwenye viunga vyao, alikuwa akisema wasimcheke mnyama mwenye wivu, anasema tu kwamba mahali hapa ndipo panapomlisha.

Mtoto mmoja alimwuliza, "Mwalimu, na wewe ukanda wako ni upi, wa juu au wa chini?" Akajibu, "Mimi ndege wa kuhama." Jibu hilo lilifika Kok-Saz na Kara-Chiy jioni ileile, na halikumfurahisha mtu.

Tarehe 16 Oktoba 1971 alifunga ndoa na Kasimali, wakati huo dereva wa lori la shamba la ushirika, akashuka naye Kara-Chiy, na Seide, akiwa na miaka tisa, akalikimbilia lori akilia mpaka bwana arusi akasimamisha, akampakia, akamfikisha mtoni, akampa sukari ya donge, kisha akageuza lori zima na bibi arusi ndani, akamrudisha mtoto kwao, ndipo akaanza safari upya, jambo ambalo dereva mwingine asingelifanya. Seide aliila sukari yote, wala hakumsamehe.

Mwaka 1978 mume wa Kalipa alifariki, naye hakuwa na mtoto, na mama yetu alihamia kwake, akalala ubavuni mwake mpaka arobaini ikaisha, akimsuka nywele kila asubuhi kama msichana, na tangu hapo Kalipa hakumwita tena mke wa kaka, alimwita wifi yangu, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango kwa ufunguo. Mzee Kasimali aliuliza jikoni, "Jamani, mimi nilioa mke, au nilimwolea dada yangu rafiki?" Kalipa akamjibu, "Wewe ulimleta tu, dereva, kazi yako ni kuleta mzigo."

Walijaliwa mtoto mmoja, Maksat, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1979, na mjukuu mmoja, Jibek, aliyezaliwa mwaka jana.

Kila Juni, shule zikifungwa, mama yetu alipanda Kok-Saz kwa mdogo wake, na kila Septemba alishuka. Mzee alimsindikiza kwa lori mpaka mtoni tu, hakuvuka hata mara moja, akiuonyesha mlima kwa kidevu na kumwambia, "Haya, nenda kwa mume mwenzangu." Nilipoolewa nilidhani ni mzaha. Kiangazi cha kwanza nilimwona amerudi kutoka mtoni, ameketi kwenye lori lililozimwa, kofia yake magotini, nikampelekea chai, akainywa bila kuniangalia, akasema, "Yule hata hanyoi ndevu, mkwe wangu, na bado ananishinda."

Mashamba ya ushirika yalipovunjwa na kila mtu kupewa kondoo wake, ushindani ukapata miguu. Mama yetu akifika Kok-Saz, Seide alimchinjia kondoo mnono, kichwa cha heshima akamwekea mbele, habari ikashuka. Akirudi Kara-Chiy, Kalipa alichinja wawili, habari ikapanda. Kila mmoja akawa anafuga zaidi ili asiaibike siku ya kumpokea, na wote wawili walichungia palepale, kwenye mpaka wa misonobari na nyika, wakiyapitisha makundi kandokando ya ukuta wa mwalimu kama watu wanaozunguka duka lililofungwa, mpaka nje ya ukuta ikawa vumbi na pakanga, na ndani nyasi zikafika kiunoni. Majira ya baridi ya mwaka 2001 barafu iliifunika ardhi, kondoo wakakwangua wasipate kitu, wakafa wengi, na Kara-Chiy na Kok-Saz wote walilia.

Mama yetu hakumgombeza mtu. Alikuja kwa Kalipa, akaletewa nyama ya kondoo mmoja aliyesalia na nguvu, akaisukuma sahani, akamega mkate, akanywa chai. Kalipa akashika kichwa.

"Wifi, unataka watu waseme nimekunyima?"

"Waseme."

"Kwa Seide umekula?"

"Sikula."

"Apa."

"Mwulize mwenyewe."

Na kwa kuwa roho ilimuuma kiasi cha kutolala, Kalipa alituma mtu Kok-Saz kumwuliza Seide, na hilo ndilo neno la kwanza wanawake hao wawili kutumiana katika miaka mingi, na Seide akajibu, "Mwambie hata kwangu amekataa, na kama yeye ndiye aliyemfundisha, Mungu anamwona." Mwaka huo mama yetu hakuonja nyama kwa mmoja wao wala kwa mwingine, mpaka kila mmoja alipouza sehemu ya kundi lake. Nyasi zikarudi kidogo. Kisha makundi nayo yakarudi, taratibu, kondoo mmoja huku, wawili kule, kama sungura na simbamangu wake.

Ni yeye pia aliyewafundisha darasani kwamba viumbe wawili wanaokula kitu kilekile mahali palepale, ama mmoja atahama, ama kila mmoja atajifunza kula kidogo, na alipoulizwa, "Kama nani, mwalimu?" akasahau yuko wapi, akasema, "Kama wifi yangu na mdogo wangu." Siku hiyo walikasirika wote wawili kwa pamoja, akasema ni mwanzo mzuri.

Mimi niliingia nyumba hii mwaka 2007. Kwetu mkamwana ndiye huamka kabla ya wote kuwasha birika kubwa la chai, na Jibek alipozaliwa alikuwa mtoto wa kulia usiku, nikawa naamka nimechelewa, nakuta birika linachemka, ua umefagiliwa, na mama mkwe amerudi kitandani amejifunika shuka kama mtu ambaye hajaamka. Shangazi Kalipa akiingia alimwambia, "Mkamwana wako ni hodari, wifi," naye akajibu kutoka ndani ya shuka, "Huyu? Hodari sana." Nasema hili leo kwa sababu yeye hakulisema. Na kwa kuwa nimesimama mbele ya watu wawili wanaodai kila mmoja kwamba alikuwa wake, naomba niwekwe wa tatu kwenye foleni.

Alianza kuugua figo mwezi Januari mwaka huu, akalazwa Naryn mwezi Machi na tena mwezi Juni, akarudishwa nyumbani mwezi Agosti. Hicho kilikuwa kiangazi cha kwanza asipande, hivyo Seide akashuka yeye, akiwa na kiriba cha maziwa ya farasi yaliyochachuka, na Kalipa alikuwa tayari jikoni na sufuria ya mchuzi.

"Mchuzi wako wa mafuta ndio ulioziba figo za dada."

"Na maziwa yako ya porini ndiyo yaliyoziozesha. Toa kiriba chako kitandani, kinanuka farasi."

"Kanuke wewe mwenyewe, umekaa bondeni mpaka umeota pakanga."

Mama yetu alifumbua macho, akaniomba kijiko, akachota kijiko kimoja cha mchuzi, kijiko kimoja cha maziwa, kimoja cha huku, kimoja cha kule, bila kumzidishia mtu, wakati daktari alikuwa amemkataza vyote viwili. Niliona jinsi kilivyokuwa kinamshinda kumeza.

Siku mbili kabla ya mwisho walimwuliza wazi, Seide akiwa kwenye mlango na Kalipa dirishani, anataka kulazwa wapi. Alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Nikisema, mmoja wenu atabaki na njaa. Mwulizeni dereva, kazi yake ni kuleta mzigo." Mzee alikuwa ameketi pembeni na kofia yake magotini, akatoka nje. Mama yetu hakulitaja tena jambo hilo, na Jumanne asubuhi akatuacha, akiwa na umri wa miaka sitini.

Kwa niaba ya familia nawashukuru Daktari Damira na wauguzi wa Naryn, hasa yule muuguzi wa zamu aliyemwazima mama soksi zake za sufu na hakuzidai tena, walimu wenzake wa Kara-Chiy waliogawana vipindi vyake alipougua bila kumwambia mkuu, jirani aliyetukamulia ng'ombe wetu siku zote hizi, wanawake walioketi naye hemani wakilia usiku na mchana, vijana wa Kok-Saz ambao wamelala ndani ya lori siku mbili kwenye baridi, na vijana wa Kara-Chiy ambao, ingawa walikuwa wamegombana nao, waliwapelekea mablanketi. Kama marehemu alimkosea mtu au ana deni la mtu, mwanawe Maksat yuko hapa, asimame mbele yake.

Mama yetu, ulipanda na kushuka maisha yako yote ili pasiwe na mtu wa kukukosa. Sasa tulia mahali pamoja, upumzike.

*

Hapo ndipo nilipoishia kusoma. Yaliyofuata nimeyaandika kwenye karatasi hiihii, kwa ajili ya Jibek.

Mzee Kasimali aliinuka, akaegemea fimbo yake. Akasema, "Miaka thelathini na minane nimekuwa nikimwonea wivu mlima. Kila majira ya baridi mimi ninaye, yule mwenzangu amekaa kule na theluji yake, anangoja, halalamiki. Mimi miezi mitatu tu ilinitosha kulia ndani ya lori. Sasa ni zamu yake. Mpelekeni, na lori naendesha mimi."

Wazee wa Kara-Chiy walinung'unika, lakini mume akishasema, amesema. Lori likawashwa. Kalipa alisimama mlangoni mwa hema, mikono imeshika mbao zake pande zote mbili kama mtu anayezuia mbuzi wasitoke, akauliza, "Na mimi je?"

Seide alikuwa ameshapanda nyuma, karibu na mwili. Akashuka, akasema, "Panda mbele, dada Kalipa, wewe magoti yako mabaya."

"Nikishafika nitarudi lini?"

"Nani amekuambia urudi?"

"Na kondoo wangu?"

Seide akautazama mlima, akasema, "Nyasi hazitoshi kwa wako na wangu."

"Najua hazitoshi," Kalipa akasema. "Unadhani ni wewe peke yako uliyekuwa ukimsikiliza?"

Mzee alivuka mto kwa mara ya kwanza tangu siku ya arusi yake. Wanawake kwetu hatuendi makaburini, kwa hiyo wanaume walipompeleka mama yetu kwenye kilima cha Kok-Saz, Kalipa na Seide walibaki katika hema moja, wameupa mgongo mlango, wakimlilia, na kila mmoja alipaza sauti ili amshinde mwenzake, mpaka zikawakauka zote mbili.

Kiangazi kilichofuata walichunga kundi moja kwenye mpaka wa misonobari na nyika, na lilikuwa dogo kuliko kundi la yeyote kati yao lilivyokuwa zamani.